Mfupa Haukutoka Mahali Pake: Mgongo wa Punda, Farasi na Mbwa Chini ya Mkono wa Mtabibu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, madaktari wa mifugo, maofisa mifugo, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Tulichoombwa kuzungumzia leo ni tiba ya kunyoosha uti wa mgongo wa wanyama kwa mkono, ile inayoitwa kiropraktiki. Mezani hapa kuna pingili nne za punda zilizochemshwa zikasafishwa. Zitapita mikononi mwenu wakati tukiendelea, kwa sababu jambo hili halieleweki kwa picha ya ukutani.

Tuanze na usemi mmoja unaoharibu kila kitu. Mwenye mnyama humleta farasi aliyekaza mgongo akasema, "Kuna mfupa umeteguka, daktari, uurudishe." Mtabibu naye husukuma, kitu kikalia "ta!", akajibu, "Tayari, nimeurudisha." Wote wawili wamepotoka. Pingili ikiteguka kweli, mnyama haji kwako kwa miguu yake. Utamkuta amelala, ugwe wa neva, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili, umebanwa au umechanika, na hapo mkono wako hauna kazi. Kinachotibika kwa mkono ni kiungo ambacho hakijatoka mahali pake ila kimeacha kutembea kama inavyopasa. Ukishika hilo, maswali yako yatakuwa mengine kabisa: ni kiungo kipi, kimekosa mwendo wa kuelekea wapi, na je, kina haki ya kuguswa?

Usemi huo wa mfupa uliotoka una historia. Daniel David Palmer, aliyeanzisha tiba hii kwa binadamu mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, aliamini kwamba pingili zilizohama hubana neva na kuleta magonjwa. Kwa wanyama, chama cha Marekani cha kiropraktiki ya mifugo, AVCA, kiliundwa mwaka 1989. Wengi wa wanaoifanya kazi hii kwa makini siku hizi wameliacha wazo la mfupa uliohama na wanazungumzia mwendo wa kiungo. Usemi wa zamani ndio umebaki midomoni.

Sasa mifupa yenyewe. Farasi ana pingili 7 za shingo, 18 za mbavu, 6 za kiuno, 5 zilizoshikamana kuwa sakramu, mfupa ulio kati ya kiuno na mkia, na za mkia kati ya 15 na 21. Punda ni hivyo hivyo, ila kiunoni kwa kawaida ana 5. Ng'ombe ana 7, 13, 6 na 5. Mbwa na paka wana 7, 13, 7 na 3. Shingo haibadiliki: hata twiga, pamoja na urefu wake wote, ana 7.

Chukua pingili moja uitazame. Upande wa chini kuna mwili mnene unaobeba uzito, na juu yake kuna tao linalofunika ugwe wa neva. Juu ya tao umesimama mwiba, ndio unaoupapasa katikati ya mgongo, na pembeni zimetoka mbawa mbili. Kisha tafuta nyuso nne ndogo laini, mbili mbele na mbili nyuma. Hapo ndipo pingili hushikana na jirani zake, kwa hiyo kati ya karibu kila pingili mbili kuna viungo vitatu: diski moja chini, yaani kile kitako laini kati ya miili ya pingili, na jozi mbili za nyuso juu. Kwenye mbavu ongeza na viungo vya ubavu, maana kichwa cha ubavu hukaa kati ya miili miwili ya pingili, na kifundo chake hugusa ubawa.

Nyuso hizo nne ndizo zinazoamua mnyama aweze kupinda kuelekea wapi. Fanyeni hivi pamoja nami. Laza kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Telezesha kulia na kushoto, kisha zungusha kidogo. Vinakwenda bila shida. Hizo ndizo nyuso za pingili za mbavu: zimelala karibu bapa, kwa hiyo huruhusu kupinda pembeni na kujizungusha. Sasa fikirini droo kwenye reli zake. Inaingia na kutoka, lakini ukijaribu kuizungusha inakwama. Hicho ndicho kiuno cha farasi: nyuso zimesimama wima na kukumbatiana, ulimi ndani ya mfereji. Juu ya hayo, mbawa za pingili za mwisho za kiuno cha farasi zina viungo vyao vyenyewe, ubawa kwa ubawa na ubawa kwa sakramu, kitu ambacho mbwa hana. Farasi akizeeka, viungo hivyo mara nyingi hushikana kabisa vikawa mfupa mmoja.

Watafiti Townsend, Leach na Fretz walipima migongo ya farasi kiungo kwa kiungo, wakachapisha matokeo mwaka 1983. Waliona kwamba kupinda pembeni na kujizungusha hufikia kilele kwenye pingili ya mbavu ya 11 na ya 12, wakati kukunja na kukunjua hutawala kwenye kiungo cha kiuno na sakramu, ambacho peke yake huweza kufika takriban digrii 20. Viungo vingi vya katikati ya mgongo hupata digrii chache tu. Ule mkunjo mkubwa unaouona farasi akitimua mbio hutoka karibu wote pale nyuma, kwa sababu diski ya pale ni nene, na mwiba wa kiuno na ule wa sakramu hutazamana mbali, mmoja umeinamia mbele na mwingine nyuma.

Basi ukimwona mtu anauvuta mkia wa farasi pembeni na kusema anaizungusha pingili ya 4 ya kiuno, elewa kwamba pale hapazunguki kitu. Kama kuna kilichosogea, ni nyonga, au ni mpaka wa mbavu na kiuno. Anaweza kuwa amempa mnyama nafuu, lakini hajui ameigusa sehemu gani. Kesho akirudia kwa farasi mwingine mwenye kiuno kilichoshikana, atanyofoa kano.

Shingoni mambo ni tofauti tena. Pingili ya kwanza, atlasi, haina mwili wala mwiba. Ni pete yenye mbawa mbili pana ambazo unazishika kwa urahisi nyuma ya masikio. Kichwa juu ya atlasi huinama na kuinuka. Atlasi juu ya aksisi, yaani pingili ya pili, huzunguka. Clayton na Townsend walionyesha mwaka 1989 kwamba asilimia 73 hivi ya mzunguko wote wa shingo ya farasi hufanyika kwenye kiungo hicho kimoja cha atlasi na aksisi. Kutoka ya 3 hadi ya 7 nyuso zimelala kimshazari, na kazi yake kubwa ni kupinda pembeni.

Hapa pana kipimo kizuri kisichohitaji chombo. Mpe mnyama kipande cha karoti karibu na ubavu wake, afuate kwa mdomo bila kusogeza miguu. Usitazame pua imefika wapi, tazama masikio. Yakibaki sawasawa, shingo ya chini inapinda. Sikio moja likishuka na pua ikapinduka, mnyama anadanganya: anazungusha kiungo cha juu ili kuficha cha chini kilichokaza. Wengi hukimbilia kusukuma atlasi kwa sababu ndiyo inayoonekana imepinda, kumbe atlasi ndiyo nzima, na inafanya kazi ya wawili.

Kabla ya kuingia kwenye mikono, neno moja juu ya upinde. Slijper, mtaalamu wa anatomia wa Uholanzi, aliueleza mgongo mwaka 1946 kama upinde na uzi wake: uti ndio mti uliopinda, misuli ya tumbo ndiyo uzi. Misuli ya tumbo ikikaza, mgongo huinuka. Misuli mirefu ya juu ikikaza, mgongo hubonyea. Kichwa nacho kimo, kwa sababu kano kubwa ya ukosi inatoka kisogoni hadi kwenye miiba mirefu ya mabega. Mnyama akiinamisha kichwa, kano huivuta miiba ile mbele na mgongo unapanda. Punda anayefungwa kichwa juu akiwa na mzigo anabebeshwa mgongo uliobonyea, na miiba ya chini ya tandiko inasogeleana. Kwa farasi wa kupandwa, ile kuanzia ya 13 hadi ya 18 ndiyo inayogusana zaidi hata mfupa ukasaga mfupa. Usiisukume miiba inayosagana. Mpige mnyama eksirei kwanza.

Sasa msukumo wenyewe. Fikiria mlango wa mbao uliovimba wakati wa masika. Mtu mwenye akili huegemeza bega, akausukuma hadi ulipokwama, kisha kutoka pale pale akatoa msukumo mfupi wa ghafla. Asiye na akili huja mbio kutoka uani akaupiga teke, na bawaba zikang'oka. Kiungo nacho kina hatua. Kuna mwendo ambao mnyama anaufanya mwenyewe. Mbele yake kuna mwendo ambao mkono wako unaweza kuuongeza kwa upole, mpaka ukutane na kizuizi kama cha mpira. Mbele ya kizuizi hicho kuna nafasi ndogo sana ambayo msukumo wa ghafla huweza kuifikia bila kuumiza, na baada yake ni kano kuchanika. Tiba nzima hufanyika ndani ya nafasi hiyo ya milimita chache. Usalama wake hauko kwenye nguvu ndogo peke yake. Uko kwenye umbali mfupi. Kasi ni kubwa, safari ni fupi.

Tuchukue pingili ya mbavu ya 14 ya punda tuipitie polepole. Mnyama asimame kwa miguu minne, uzito umegawanyika, kichwa kimeachwa kikae kinapotaka, mtu anayemfahamu amemshika. Wewe panda juu ya sanduku imara au robota la nyasi kavu, kifua chako kiwe juu ya mgongo wake. Ukisimama chini, msukumo wako utakwenda pembeni hata ukitaka uende chini. Kosa hili ni la kila siku, na halitokani na ujinga wa anatomia ila uvivu wa kutafuta sanduku.

Laza kiganja, sukuma taratibu mara tatu au nne mfululizo, kama unayepima upepo wa tairi. Kiungo kizima kina mnepo kama wa springi mwishoni mwake. Kilichokaza humalizika ghafla, kama ukuta. Linganisha na ya 13 na ya 15, kisha upande wa pili. Ukishapata pahali na mwelekeo, tumia kile kifupa kidogo cha mviringo kilicho kwenye kifundo cha kiganja upande wa kidole cha mwisho. Kiweke kando ya mwiba, si juu yake. Mkono wa pili uje juu ya wa kwanza. Ondoa ulegevu wa ngozi na misuli kwa kuegemea. Ngoja. Punda akitoa pumzi na misuli ikalegea chini ya mkono wako, toa msukumo mmoja kwa kufuata mteremko wa nyuso za kiungo, kisha uachie. Kwa binadamu msukumo wa aina hii umepimwa ukachukua kati ya sehemu moja na mbili za kumi za sekunde. Pima tena springi hiyo. Imerudi? Ondoka hapo. Haikurudi? Ondoka vilevile, urudi siku nyingine. Anayerudia mara tatu mahali pamoja anapigana na misuli iliyokwisha kujihami, na misuli mirefu ya mgongo wa farasi haishindwi na mkono wa mtu.

Mlio je? Mlio ni ule ule wa kualisha vidole. Nyuso za kiungo zikiachana ghafla, shinikizo la ute hushuka na tundu la gesi hutokea ndani yake. Ndiyo maana kidole ulichokialisha hakilii tena mpaka dakika kama 20 zipite. Hausemi kwamba kitu kimerudi mahali, wala kimya hakisemi kwamba umeshindwa. Kwa farasi mara nyingi husikii kitu.

Kuna wanaotumia nyundo ya mpira na kipande cha mbao. Hesabu yake ni nyepesi. Miiba ya mabega ya farasi hupita sentimita 20 kwa urefu. Ukiupiga ncha yake pembeni kwa nguvu ya nyutoni 200, unaupa msingi wake msokoto wa nyutoni-mita 40, na hujaondoa ulegevu wowote, hujui kizuizi kiko wapi, wala mkono wako hausikii chochote kinachojibu. Ni lile teke la mlangoni. Tena mwiba uliopinda si ushahidi wa pingili iliyohama. Miiba mingi huota imepinda kidogo tangu utotoni, na pingili ile mliyoishika mstari wa pili ni mfano mzuri: mwili umenyooka, ncha imekwenda kulia.

Kwa nini basi mnyama hupata nafuu kama hakuna kilichorudishwa? Kando ya kila kiungo kuna misuli mifupi, maltifidi, inayoruka pingili mbili hadi nne na kuutuliza mgongo. Hiyo, pamoja na ngozi ya kiungo, imejaa vipokezi vinavyoupasha ubongo habari ya mkao. Kiungo kinachouma hukazwa na misuli, misuli iliyokaza huongeza maumivu, na maltifidi iliyonyimwa kazi hunyauka. Msukumo wa ghafla huvuta vipokezi hivyo kwa pamoja, na mkazo huachia. Majaribio kwa farasi yameonyesha kwamba mgongo huvumilia shinikizo kubwa zaidi kabla ya mnyama kushtuka. Lakini tusivimbe kichwa: uchunguzi wa mwendo wa farasi 10 wenye matatizo ya mgongo, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta mabadiliko yapo ila ni madogo. Anayewaambia watu kwamba mkono unatibu kichomi cha tumbo au ugumba anauza kitu ambacho hana.

Nimefika mahali ninapotaka mnisikilize kuliko kwingine: mnyama asiyeguswa.

Kwanza ni mbwa wa miguu mifupi, kama Dachshund. Diski zake hukauka na kuwa kama chokaa angali kijana, kisha kiini huruka juu na kugonga ugwe. Mahali panapopatwa zaidi ni kati ya pingili ya mbavu ya 11 na ya kiuno ya 3. Mbele ya hapo kuna kano inayounganisha vichwa vya mbavu kwa kupita juu ya diski, nayo huikinga. Basi geuza wayo wa mguu wa nyuma, sehemu ya juu ya vidole iguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Akiuacha pale, au akichelewa, usisukume kitu. Akiwa haoni maumivu hata ukibana mfupa wa kidole kwa koleo, ni dharura ya upasuaji inayohesabiwa kwa saa.

Pili ni mbwa wadogo sana, Chihuahua na Yorkshire Terrier, ambao huweza kuzaliwa na jino la aksisi, kile kichomozo kinachoishikilia atlasi, likiwa limedumaa. Atlasi hapo haijashikwa barabara, na msukumo wa shingo unaweza kumuua mezani. Tatu, farasi au mbwa mkubwa anayeyumba nyuma, anayekanyaga miguu yake akigeuzwa kwenye duara dogo: hiyo ni shingo inayobana ugwe. Nne, mwenye homa na maumivu makali ya mgongo, kwa sababu maambukizi hula diski na pingili, na bruselosi ni mojawapo. Farasi mzima hupimika nyuzi 37.5 hadi 38.5, na kipimajoto ni rahisi kuliko majuto. Ongeza aliyeanguka au kugongwa na gari kabla hajapigwa eksirei, na farasi mchanga, kwa maana sahani za ukuaji wa pingili hukawia miaka kadhaa kufunga.

Sheria nitaipita upesi. Uingereza, kwa amri ya mwaka 2015, asiye daktari wa mifugo huruhusiwa kufanya tiba hii chini ya maelekezo ya daktari aliyemchunguza mnyama. Kwetu, kutambua ugonjwa ni kazi ya waliosajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, au Bodi ya Veterinari ya Kenya kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Uchunguzi kwanza, mkono baadaye.

Mnyama akishanyooshwa, apumzike siku moja au mbili, atembezwe polepole. Ugumu wa siku hiyo na kesho yake ni wa kawaida. Ziara mbili au tatu bila mabadiliko maana yake umekosea kutambua tatizo. Kisha rudini kwenye karoti, mara hii kama zoezi: kifuani, katikati ya miguu ya mbele, ubavuni, na kwenye nyonga. Farasi 8 waliofanyishwa mazoezi ya namna hiyo, marudio 5 kila moja, siku 5 kwa wiki kwa miezi mitatu, walipimwa kwa altrasaundi, na maltifidi zao zilikuwa zimenenepa. Ni dawa ya bei ya karoti, nami naiamini kuliko misukumo yote niliyoieleza.

La mwisho ni shogi, ile mifuko ya mzigo inayoning'inia pande mbili za punda. Chukua punda wa Lamu anayebeba mchanga wa ujenzi, kilo 30 upande wa kushoto na 20 upande wa kulia, kila upande umening'inia sentimita 30 kutoka katikati ya mgongo. Tofauti ya kilo 10 kwa umbali huo ni msokoto wa nyutoni-mita 30 hivi, na punda lazima aupinge kwa misuli ya upande mmoja katika kila hatua, asubuhi hadi jioni, akitumia zile pingili za 11 na 12 zinazozunguka kuliko nyingine. Mnyooshe Jumatatu, atakuwa amekaza Jumatano. Pakia kwa kipimo, koleo kwa koleo pande zote mbili kwa zamu, jumla isizidi kilo 50 kwa punda wa kilo 160 hivi. Weka mto mnene pande mbili za miiba na katikati uache mfereji unaopitisha vidole vitatu, ili pasiwe na kinachokandamiza miiba yenyewe. Shusha mzigo namna ulivyopandisha, kwa zamu, maana upande mmoja ukimwagwa wote kwanza, punda hubaki na kilo 25 hivi zinazomvuta upande mmoja akiwa amesimama, na wengi hukaza mgongo dakika hiyo hiyo.

Pingili zikifika mstari wa nyuma zirudishwe mezani. Ile ya kiuno ina ufa kwenye ubawa wa kushoto, ishikeni kwa mikono miwili. Maswali yanakaribishwa.